Punda Alipoinama Juu ya Hori

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, mbele ya mpelelezi wa zamu.

Shahidi: mwanamke, umri miaka ishirini na sita, ameolewa, ana mtoto mmoja wa miezi saba.
Kazi: fundi wa kushona vikaragosi. Kazini anaitwa Mama Sindano.
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Elimu: amemaliza shule ya msingi, anajua kusoma na kuandika.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza haya kwa hiari yangu. Nimekuja na mwanangu kwa sababu sina wa kumwachia. Akilia itabidi nisimame kidogo, na afande amesema hakuna shida.

Tangu mwaka jana nafanya kazi kwenye ghala lililokuwa la magunia, ambako inapigwa filamu ya vikaragosi ya Krismasi. Ni ile hadithi ya mtoto aliyezaliwa zizini, ila yetu ni ya kuchekesha. Malaika wanapotea njia na kuimba kwenye nyumba siyo. Wenye hekima wanagombana nani ameishika nyota vibaya. Mwenye nyumba ya wageni ni mama mmoja mbea asiyefunga mdomo. Anayesimulia yote ni punda, na punda amenuna, kwa sababu yeye ndiye aliyembeba mama mjamzito njia nzima na hakuna aliyemwambia asante.

Punda huyo nilimshona mimi, kwa blanketi kuukuu la kijivu. Anaendeshwa na watu wawili. Jukwaa letu limeinuliwa hadi usawa wa kifua, na waendeshaji hulala chali chini yake, mkono umepenyezwa juu kwenye tundu. Mmoja anaendesha kichwa na mdomo na ndiye mwenye sauti. Wa pili anavuta masikio na mkia. Wa kwanza alikuwa marehemu, ambaye sote tulimwita Mjomba ingawa hakuwa na undugu na yeyote pale. Wa pili ni kijana mnayemshikilia hapa kituoni, anaitwa Mikia.

Chini ya jukwaa kunabana na kuna joto, taa zote ziko juu. Kimlango cha kuingilia kina komeo kwa nje, maana kisipofungwa mwanga unapenya na kuonekana kwenye picha. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu, na aliyeuweka ni Mjomba mwenyewe kabla mimi sijaajiriwa: chini haachwi mtu peke yake. Wanaingia wawili, wanatoka wawili. Wakitaka kutoka wanagonga mbao, aliye karibu anafungua.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano, nilifika kazini asubuhi kama kawaida. Mjomba alikuja chumba cha kushonea kuchukua punda. Nilimwona anajisugua mkono wa kushoto. Nikamuuliza, "Mjomba, umelalia mkono?"

Akasema, "Mwanangu, mkono huu umeishi juu kuliko chini. Leo unadai likizo."

Nikamwambia, "Basi upe. Nenda kapumzike."

Akasema, "Nikipumzika, mama wa watu atafika kwa miguu?"

Alisema hivyo kwa sauti ya punda, mwanangu akacheka. Mtoto huyu kwangu analala kwa taabu, usiku mzima namzungusha chumbani. Lakini akisikia sauti ya yule punda alikuwa anatulia kabisa. Mjomba alikuwa anampitia kila siku kabla ya kuanza kazi. Sikumwambia mtu kuhusu mkono. Watu wa kazi ile wote wanaumwa mikono.

Majira ya saa tano tulianza kupiga kipande cha zizini. Wageni wamejaa, na mwenye nyumba anamwambia punda atoke nje awapishe. Punda anatakiwa kujibu: "Mimi ndiye niliyemleta. Na mimi mnisalimie basi, hata mara moja." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa na sindano yangu, maana mbawa ya malaika mmoja ilikuwa imefumuka. Mwanangu alikuwa amelala kwenye kikapu, chumba cha kushonea, mlango wazi.

Mara ya kwanza kipande kiliharibika. Mjomba aliongeza maneno yake, Mikia akashikwa na kicheko huko chini, punda mzima akatikisika. Mara ya pili ikawa vilevile. Mwongozaji wa filamu, ambaye tunamwita Bosi, akasimamisha kamera. Akainama kwenye kimlango, akasema, "Wewe Mikia, tumbo lako linanitikisia punda. Toka. Kachekee nje."

Mikia akatoa kichwa, akasema, "Bosi, chini haachwi mtu peke yake."

Bosi akasema, "Mjomba ni mtoto? Dakika mbili tu. Masikio tutayaacha yaning'inie."

Mikia hakusogea. Ndipo Mjomba akasema kwa sauti ya punda, "Mwache aende, anamaliza hewa yangu." Wote tukacheka. Mikia akatoka. Bosi akamwambia, "Funga komeo, mwanga huo." Mikia akafunga. Alikuwa bado anajizuia kucheka, amejiziba mdomo kwa mkono, ndipo Bosi akamwelekeza mlango mkubwa wa ghala. "Huko kabisa. Nikikuhitaji nitakuita."

Haya niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa karibu na Bosi kama nilivyo karibu na meza hii. Kamera ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kwenye picha hayamo. Kulikuwa na wengine pale: mpiga picha, na Shangazi anayeendesha yule mwenye nyumba mbea, yeye akisimama nyuma ya pazia. Wao wana midomo yao, na mimi nina wangu.

Bosi akasema, "Anza." Shangazi akamfukuza punda kwa maneno yake. Punda akageuka kwenye kamera. Akasema, "Mimi ndiye niliye..." Akanyamaza. Kisha kichwa kikaanza kushuka. Kilishuka polepole sana, hadi pua ikalala juu ya mtoto wa kwenye hori.

Afande ameniuliza kama kuna aliyeshtuka. Hapana. Tulicheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote tuliyowahi kupiga mle ndani, punda amekatisha maneno yake na kumlalia mtoto kama amekata tamaa na dunia. Mimi pia nilicheka. Bosi alikuwa ameinua kidole, ananong'ona, "Endelea, endelea." Shangazi naye akapokea, akasema kwa kile kikaragosi chake, "Punda gani huyu, anasinzia mbele ya wageni! Nani kamlea?" Mpiga picha akawa anajifuta machozi.

Kazini kwetu tunatazama kikaragosi. Aliye chini hatumfikirii, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mjomba mwenyewe alikuwa anasema, siku ukinikumbuka mimi nitakuwa nimeharibu kazi.

Nilichoona baadaye ni mdomo. Mdomo wa punda ulikuwa umebaki wazi, ulimi wa kitambaa umetoka nje. Mjomba hakuwahi kuacha mdomo wazi. Hata anapomtundika punda msumarini, anaufunga kwanza. Nikasema, "Bosi, mdomo." Akanionyesha kiganja ninyamaze. Nikasema tena kwa sauti. Akasema, "Tunarekodi, Mama Sindano!"

Sijui tulicheka muda gani. Afande amenitaka nikadirie. Siwezi. Nikisema muda mfupi nitakuwa najihurumia.

(Shahidi amesimama kumnyonyesha mtoto. Ameendelea.)

Niliacha mbawa, nikazunguka, nikafungua komeo. Joto lilinipiga usoni. Mjomba alikuwa amelala chali, macho yameangalia juu, mkono umo ndani ya punda hadi kwenye kiwiko. Nilimvuta, hakuja, kwa sababu mkono ulikuwa umebanwa na lile tundu. Nikapanda jukwaani, nikamkata punda shingo kwa mkasi wangu. Hapo ndipo watu waliponyamaza.

Nilipiga kelele kumwita Mikia. Alikuja mbio, akaingia chini, akamtoa Mjomba kwa kumkumbatia. Alimbeba peke yake hadi kwenye gari la mpiga picha, hakutaka kusaidiwa. Alikuwa anamwambia, "Mjomba, nimekuja. Nimekuja, Mjomba." Hospitali wakasema ameshafariki. Daktari alimwambia mke wa Mjomba kwamba ni moyo. Alipouliza kama angewahishwa ingekuwaje, daktari alisema hawezi kujua. Bado anamuuliza hivyohivyo kila mtu anayeingia msibani kwake. Mimi aliniuliza nikiwa naosha vikombe.

Kesho yake Bosi alikuja chumba cha kushonea. Alifunga mlango. Akasema, "Mama Sindano, jana wewe ulikuwa unanyonyesha. Hukuwepo."

Nikasema, "Nilikuwepo, Bosi. Mtoto alikuwa amelala."

Akasema, "Mikia alitoka mwenyewe kwenda kuvuta sigara. Kila mtu anasema hivyo."

Nikasema, "Mikia havuti sigara."

Kisha akasema, "Una mtoto mdogo. Mfikirie."

Nikamwambia, "Ndiye ninayemfikiria."

Hakunitukana wala hakunigusa, hilo naomba liandikwe pia. Alikuwa na macho mekundu. Nadhani naye halali. Lakini alipokuwa anatoka alisema kile kipande kitabaki kwenye filamu, kwamba ni heshima kwa Mjomba, watu watakicheka miaka na miaka. Nilimwomba asifanye hivyo. Alisema mimi sielewi kazi hii. Mke wa marehemu bado hajakiona. Nawaomba polisi wakichukue.

Jana ndipo niliposikia kwamba Mikia amekamatwa kwa uzembe, kwa kumwacha mwenzake na kufunga komeo. Leo asubuhi nikiwa kwenye benchi la korido alipitishwa mbele yangu na askari. Askari alitupa nafasi ya kusalimiana. Mikia akaniambia, "Dada, rudi nyumbani. Nimeshawaambia nilitoka mwenyewe."

Nikamuuliza, "Kwa nini unasema uongo?"

Akasema, "Nisingecheka nisingetolewa. Ningekuwa pale. Ningemsikia anapumua vibaya."

Nikamwambia, "Ulicheka kwa sababu mtu alikuchekesha. Alikuwa anakutafuta wewe hasa, hukujua? Kila siku anaongeza maneno ili ucheke. Mwenyewe aliniambia, Mikia asipocheka najua kipande kibovu."

Askari akampeleka.

Afande, kijana huyu alikataa kutoka, nilimsikia. Alikumbusha utaratibu mbele ya watu, akaambiwa Mjomba si mtoto. Alifunga komeo kwa sababu aliamriwa. Akisema vingine anajiadhibu, na mimi simkubalii, kama nisivyomkubalia huyu wangu akitaka kujigonga kichwa ukutani kwa hasira. Sina chuki na Bosi. Kazi ile naipenda, na najua kwamba nikitoka hapa huenda sina kazi. Mume wangu anajua nimekuja, tulizungumza.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nitayarudia hivihivi popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maoni ya mpelelezi: Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi, akakiri kuwa ni yake. Ametia sahihi akiwa amempakata mtoto. Baada ya hapo nilikwenda mahabusu nikamsomea kijana anayeitwa Mikia. Nilipomaliza aliniuliza, "Dada amekubali iandikwe kwamba Mjomba alikuwa ananitafuta mimi?" Nikamjibu ndiyo. Alilia kwa muda. Kisha akaomba apewe karatasi, aandike upya maelezo yake.