Kidonge Nilichokificha

Nakasero, Kampala
Jumanne asubuhi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wenzangu wote tunaouza vitunguu hapa sokoni. U hali gani? Goti limeacha kukusumbua? Mimi ni mzima. Nabeba magunia kama zamani, na kila nikijitwisha namshukuru Mungu, kisha nakushukuru wewe uliyefunga na kuniombea nilipoambiwa nina saratani ya damu.

Simu yako ya Jumapili ilinifurahisha, hadi uliponiambia kwamba Moreen wa jirani, mwenye ugonjwa kama wangu, amesikiliza ushuhuda wangu uliorekodiwa kanisani, akaziweka dawa zake kabatini.

Namshukuru pia sista Ayaa, binti wa askari, muuguzi anayetuhudumia kliniki katika hospitali ya Mulago. Aliniuliza kama najua kinachoniumiza, nikamjibu ni damu chafu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akanieleza kwamba chembe za damu zenye afya husubiri mwili uziagize ndipo zigawanyike. Kwangu kuna protini moja iliyoharibika, haizimiki. Inazibandika protini nyingine fosfeti, kemikali ya kuziwasha, usiku na mchana, nazo zinaamka na kuzihimiza chembe zizaane bila kuagizwa. Kidonge kinaziba pale protini ile inapochukulia fosfeti, nayo inatulia. Lakini nguvu zake huisha, hivyo humezwa kila siku. Alinionya kwa Kiswahili chake cha kambini: "Wewe Khisa, hata ukisikia mzuri, dawa hapana acha."

Sasa Mama, keti. Sikuiacha hata siku moja. Vipimo vilipoonyesha ugonjwa hauonekani tena, mchungaji alinitangulia kuwaambia watu nimepona bila dawa. Watu wakasimama wakipiga makofi, nami, pamoja na mdomo wangu huu unaoujua, nikaona haya kumsahihisha. Nikasema amina. Kidonge cha siku ile kilikuwa mfukoni mwa koti. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwa Moreen. Jumapili nitasimama tena niseme kweli.

Nimekupigia mara tatu. Ukisema Bwana asifiwe, naitikia amina na kukata. Ndiyo maana nimempa Oyugi, mwenzangu wa hapa sokoni, barua hii, anasafiri leo kuja huko.

Usimalize chai. Vaa viatu, mpelekee Moreen aisome mwenyewe, na usiondoke kwake mpaka ameze.

Nisalimie dada Nabalayo na watoto.

Ni mimi mwanao, niliyekudanganya, na niliye hai,
Khisa