Kodi Iliyokatwa Uingereza

Baba,

Mungu akulaze pema. Mimi huku silali vizuri wala sikai vizuri. Naweka chai jikoni naisahau, naingia chumbani sijui nimefuata nini.

Zile fedha zako za uzeeni, ulizowekewa miaka yote uliyofanya kazi hospitali Uingereza kabla hatujahamia Maskati, zimefika. Zimefika kwa jina langu peke yangu, kama ulivyoandikisha. Uliniambia Mama asisumbuliwe na makaratasi ya Kizungu, na mdogo wangu Nassor bado mtoto, basi ziingie kwangu kisha niwagawie wenzangu. Mimi uliniambia. Nassor hukumwambia, hata alipokuwa mtu mzima na gereji yake Wadi Kabir.

Nilimpigia simu Nassor siku ileile, akaja. Mirathi haikutugombanisha: Mama thumni yake, fungu moja katika manane, na kilichobaki Nassor achukue mara mbili yangu. Kilichotugombanisha ni kodi.

"Nani analipa kodi Maskati?" aliniuliza, tumekaa barazani kwako na nduguyo, Ami Seif.

Nikamwambia zimekatwa kulekule, kabla hazijatumwa.

Akacheka. "Basi umezikata wewe."

Baba, huyu ndiye niliyemfundisha kuandika jina lake. Tulipokuwa tukigombana ulitukalisha kiti kimoja mpaka mmoja acheke, na siku zote alianza yeye. Safari hii kicheko chake kilinichoma.

Mama yumo edani, kwa hiyo alikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa. Tukamsikia: "Hiyo iliyokatwa itoeni kwenye thumni yangu. Mwanangu haitwi mwizi nyumbani kwa babake."

Ami Seif aliinamisha kichwa. Nassor akachukua kofia yake akaondoka, na Ijumaa zilizofuata hakuja kula. Mama alimwekea sahani, kisha akaiondoa mwenyewe bila kumtaja.

Nikachoka kungoja. Nilimfuata gerejini, nikapiga simu Uingereza kwa simu ya ofisini kwake, nikampa mkono wa simu aulize mwenyewe. Aliuliza. Akauliza tena, kwa Kiingereza chake kile cha kukata maneno. Alipoiweka chini, alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, na mikono ilishakuwa safi.

"Wamekata kweli," akasema.

Nilingoja aniombe radhi. Badala yake akaniuliza gari langu linalia wapi, akaingia chini yake. Kutoka huko nikamsikia: "Mama mpe thumni yake kama vile hakijakatwa kitu. Kinachopungua toa kwangu."

Nikamwambia tutatoa sote wawili. Hakubisha.

Ndivyo tulivyofanya. Ijumaa hii alikuja, akala, akamchambulia Mama samaki. Mama alifurahi. Mimi nilikuwa nikiinuka kila mara, nachukua maji, narudisha maji. Lile neno, "umezikata wewe," bado limenikaa, Baba. Namuona anakula, nampenda, na bado nalisikia.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ungemwita siku moja ukamwambia, "Iko hivi na hivi, na kule wanakata." Ungetumia muda wa kunywa kahawa moja tu. Uliona aibu kuzungumza fedha na mwanao, ukaniachia mimi nizungumze.

Nakuahidi mambo mawili. Wanangu nitawakalisha ningali mzima, niwaambie nilicho nacho na nani apate nini, hata wakichukia kusikia habari ya kifo changu. Na Nassor sitamuacha. Nikilisikia lile neno, nitakwenda kwake badala ya kukaa nalo.

Buriani, Baba. Wewe pumzika. Sisi bado hatujatulia, lakini tunakula pamoja.

Binti yako,
Salma