Mturuki Ameondoka, Loizos

Larnaka, Julai 1878

Mume wangu Loizos,

Waingereza wameshuka! Bendera ya Sultani imeteremshwa, na yao inapepea pale pale. Wanajeshi wao wamevaa sufu katika jua hili. Jana nilihesabu kumi na mmoja walioanguka barabarani. Tanuri ulilolidharau linatoa mikate mia tatu kwa siku, na yote inaliwa kabla ya adhuhuri.

Sasa sikiliza. Yule askari wa Kituruki uliyemng'oa meno mawili, ndipo ukakimbilia Aleksandria, amepanda meli kwenda Beirut na mkewe na kuku wake. Nimekwenda kituoni mwenyewe. Mwingereza alipekua daftari lake jipya la wanaotafutwa, jina lako halimo!

Jirani yetu Annezou alicheka: "Shoga, mumeo sasa atasingizia nini? Atasema anawaogopa Waingereza?"

Miaka saba umeniandikia kwamba Mturuki ndiye anayekuzuia kurudi. Habari za mwanamke wa huko sikukuuliza, na leo pia siulizi. Meli ya Aleksandria hufika kila Jumatano. Nitakungoja bandarini Jumatano mbili. Ya tatu sitakuja.

Mkeo, mpaka hapo,
Hariklia