Lesi Iliyofunikwa Kanga

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo? Sisi huku Guangzhou tupo. Mjomba wako kikohozi kimemwachia, ila miguu yangu imechoshwa na ngazi za jengo hili la maduka.

Unauliza kama nikutumie jora la lesi ya kiwandani, maana unashona gauni kama lile la arusi la mama yangu, na kuifuma kwa mkono lesi yake ya vijiti kumekutoa machozi. Ninalo, ndiyo biashara yangu.

Lakini mama ndiye aliyenifundisha lesi hiyo. Siku moja, nikiwa msichana, nyuzi zilinitatiza hadi nikaviacha vijiti vilivyozungushiwa nyuzi vining'inie kwenye mto wa kufumia. "Mama, nimechoka." Nilidhani atanigombeza. Akaufunika mto kwa kanga, pini zikiwa zimechomekwa vilevile.

"Basi kalale. Pini zimeishika lesi."

Asubuhi nilifunua, nikakuta kila uzi pale nilipouacha.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo. Meli za bandari ya Nansha hazisubiri, wateja hawasubiri. Lesi ile peke yake ndiyo iliyowahi kunisubiri nikapumzika.

Funika mto, ulale. Ukiamka bado unataka ya kiwandani, niambie, nitatuma.

Ni mimi bibi yako, ambaye bado hajakaa chini.