Makala Iliyonukuliwa Mara Mia Tatu

Noah, Ambindwile hana digrii, hana kompyuta, na Kiingereza chake ni cha madarasa ya jioni. Sikia alivyojibiwa leo hospitalini Makandana, alipokwenda kulalamikia makala ya yule daktari mtafiti wa magonjwa ya akili.

"Makala yangu imenukuliwa mara mia tatu!"

Mara mia tatu! Na humo kaandika kwamba Sekela, yule mjane jirani yetu, ni kichaa, eti kila asubuhi humwamkia marehemu mumewe kaburini migombani.

"Daktari, sisi ndivyo tunavyoomboleza. Nilikwambia siku ile nikikutafsiria."

"Mzee, wewe ulikuwa mkalimani tu."

Mkalimani tu! Kinyaa kitupu. Sekela bado anamezeshwa vidonge, mikono inamtetemeka.

Ambindwile kawaandikia wahariri wa jarida lililochapisha makala hiyo kurasa mbili, kwa Kiingereza chake hichohicho, kuwaeleza kosa. Kalamba bahasha, kaifunga, kaipeleka posta mwenyewe.