Kwale kwenye Chupa Yangu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua ufuta tangu alfajiri, kisha nimebandika lebo zenye picha ya ndege kwale. Kwale wa Mnero. Adhuhuri imefika barua ya wakili wa Bi Zainabu wa Ruangwa, mwenye mafuta ya Kwale wa Ruangwa, alama iliyosajiliwa yenye ndege huyohuyo. Anataka niyaondoe mafuta yangu sokoni. Nimekasirika. Mnero si Ruangwa. Anayejua kusoma hawezi kukosea.

Jumatano, 6 Agosti
Naandaa hotuba ya Jumamosi. Wafanyabiashara wa Nachingwea wameniomba tena nizungumzie uaminifu. Nimeirejea sheria ya alama za biashara niliyowahi kuifundisha. Haiulizi kama majina yanatofautiana yakiwekwa sambamba. Inauliza mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka na kumbukumbu ya nusunusu, atadhani bidhaa imetoka kwa nani. Nimefunga kitabu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nambambo, kumsalimia mama. Huko hakuna anayetaja jina la mafuta. Wanasema "yale ya ndege", basi. Nililijua hilo nilipochagua ndege. Mama hasomi. Alinisogezea chupa, pua ameikunja.
"Mwanangu, huyu Zainabu kaharibika. Hebu nusa! Miaka yote namsifia, leo ananiuzia uvundo."
Ilikuwa chupa yangu. Ufuta niliokamua kabla haujakauka sawasawa. Nilimwacha mama amtukane mwanamke asiye na kosa. Naona aibu hata kuiandika sentensi hii.

Ijumaa, 8 Agosti
Ruangwa. Sakafuni kwa Bi Zainabu zimepangwa chupa walizomrudishia wateja. Zote zangu. Hakupaza sauti.
"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwenye semina tusajili alama? Mimi nilikusikiliza. Nilidhani na wewe ulijisikiliza."
Nimemwomba radhi. Ameendelea kuzihesabu chupa. Ana haki.

Jumamosi, 9 Agosti
Hotuba imebaki mfukoni. Nilinyanyua chupa mbili mbele ya ukumbi. Nikasema: ndugu zangu, alama ya biashara ni ahadi ya mtu kwa wateja wake, nami nimejivika ahadi ya mwenzangu. Mafuta yaliyooza ni yangu. Ya Bi Zainabu ni safi, kama yalivyokuwa siku zote.
Kisha muuza mitumba mmoja, kutoka nyuma: "Mwalimu, huyo kwale alifika Mnero kwa miguu au kwa basi?"
Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilistahili. Nimetangaza kwamba chupa zangu zote zinaondolewa madukani.

Jumapili, 17 Agosti
Chupa zimelowa kwenye beseni. Kwale wanabanduka mmoja mmoja. Safari hii nimeuacha ufuta ukauke kweli, nimekamua kidogo tu.
Jioni nimempelekea mama chupa isiyo na lebo. Aliizungusha mkononi akimtafuta ndege. Hakumwona. Akauliza mafuta haya ni ya nani.
Nikamwambia ni yangu. Na yale yaliyonuka pia.
Hakunitazama. Aliifungua chupa, akanusa kwanza.