Nilimwambia Hapana Mara Mbili

Doha, 9 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za Stacy ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye siku hizi anakuita baba yake bila kukuomba ruhusa. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka unaipaka, ama imelala kabatini? Mimi ni mzima, joto limepungua na sasa tunaweza kutembea nje kama watu.

Ningekupigia simu, lakini simu zetu hukatika mahali pabaya, na wewe ndiye uliyenizoesha kwamba jambo zito huandikwa, kwa hiyo naandika karatasini na kukutumia picha yake kwa simu. Basi hili ndilo jambo. Wamenitoa kwenye basi la hoteli. Miaka hii yote nimekuwa nikichukua wageni Al Sadd, nawapeleka The Pearl wakapige picha za mashua za matajiri, nawarudisha. Sasa nimepita mtihani wa kuendesha mchangani. Aliyenifundisha ni Nassoro, Mzanzibari, dereva mkubwa wetu. Alinipandisha kilima cha mchanga mpaka kwenye kioo nikaona mbingu peke yake, akasema kwa sauti ile yake ya taratibu, "Usikanyage breki, dada. Ukiogopa hapa, tunabingirika." Sikukanyaga.

Nitakuwa nawapeleka wageni Khor Al Adaid, kusini kabisa, mahali bahari inapoingia katikati ya jangwa. Ng'ambo ya maji ni Saudia. Panalindwa sana, kuna magari ya doria, boti na kamera. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuutazama mpaka huo. Mimi na wewe mpaka wetu tuliukuta mlangoni.

Katika kampuni yetu hakuna mwanamke aliyewahi kupewa njia hiyo. Nilitaka ulisikie kwangu.

Binti yako,
Scovia

Busia, 14 Novemba 2024

Kwa binti yangu Scovia,

Bwana asifiwe. Hapa tuko salama, mvua imenyesha vizuri na maharagwe yamekubali. Goti ni lile lile. Dawa napaka. Msalimie Stacy.

Nimesoma habari yako na sikufurahi, sitakuficha. Nilibeba watu kwa baiskeli kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kabla hujazaliwa, wakati sisi ndio tuliokuwa tukiita "boda! boda!" na jina likabaki mpaka leo kwa hawa wa pikipiki. Askari wa mpakani nawajua. Anakunywa chai na wewe asubuhi, mnataniana, mchana redio inalia na hakujui tena. Mwenzangu Philipo alivunjwa mkono pale kwa kosa la abiria aliyembeba. Abiria alipanda gari akaenda zake. Anayeshikwa ni aliyeshika usukani.

Na hapo ni kwetu, ambapo shangazi yako yuko upande wa pili na tunajua lugha ya wote. Huko una nani?

Rudi kwenye basi la hoteli. Sikushauri, nakukataza.

Baba yako,
Joram

Doha, 30 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta mzima na hasira imepoa kidogo. Hapa hatujambo.

Nilikwenda, Baba. Nimekwenda mara kadhaa sasa, na sikutaka ujue kwa mtu mwingine.

Tunatoka mjini asubuhi, tunafika mahali lami inapokwisha, tunatoa upepo kwenye matairi ili yatanuke yasizame. Halafu ni vilima. Wageni hupiga kelele, wengine husali. Nassoro huwa mbele na gari lake, mimi nyuma yake, tunaongea kwa redio. Ukishuka kilima cha mwisho unaona maji ya kijani, na ng'ambo milima ya Saudia, iko karibu hata unadhani ungeirushia jiwe. Wageni huniuliza mstari uko wapi. Nawaambia hakuna mstari, kuna maji, lakini wale askari waliokaa kwenye gari lile jeupe la doria wanaujua ulipo. Nafikiri ndicho walichokuja kukisikia.

Askari wa doria wananisalimia. Mara ya kwanza mmoja alitazama ndani ya gari akimtafuta dereva. Nikamwambia, "Ana sawwag." Mimi ndiye dereva. Akacheka, akanipungia nipite.

Unauliza huku nina nani. Nina mikono miwili uliyoifundisha kuendesha lori la kubebea mchanga la marehemu mjomba nikiwa bado sekondari, wakati majirani walikuuliza kama huna watoto wa kiume. Hukuwajibu. Na mimi kwa hili naomba unikubalie nisikujibu zaidi ya hapo.

Binti yako akupendaye,
Scovia

Busia, 11 Januari 2025

Scovia mwanangu,

Salamu. Krismasi ilipita bila neno lako, mwaka mpya vilevile. Nilidhani umeninunia. Jana Stacy alinipigia. Amesema umenyang'anywa funguo za gari, unakaa tu chumbani, na kwamba kuna mambo ya polisi. Nilipomuuliza zaidi akaanza kulia.

Niandikie. Sitakugombeza. Niambie kilichotokea kama kilivyotokea.

Baba yako

Doha, 13 Januari 2025

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukunyamazia. Kiafya ni mzima, nakula, sijaguswa na mtu. Nilitaka kukuandikia mwisho wa mambo, lakini mwisho umekataa kuja.

Kabla ya Krismasi nilipewa mgeni mmoja na mke wake. Ni mtu anayeiletea kampuni wageni wengi kutoka kwao, kwa hivyo Trevor aliniambia nimtunze. Trevor ni msimamizi wetu, Mkenya, amekaa Doha mpaka Kiarabu chake kinapita cha wengi. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege siku nilipofika.

Tulipofika kule mgeni akafungua begi na kutoa droni, kile kindege kidogo cha kupiga picha. Nikamwambia hapana, hapa hairuhusiwi, huu ni mpaka. Akasema ni dakika chache tu. Nikamwambia hapana mara ya pili. Mke wake alikuwa amesimama hapo hapo. Nikaingia garini kumwambia Nassoro kwa redio kwamba huyu mtu ana droni na hanisikii, na nilipotoka alikuwa ameshazunguka nyuma ya kilima na kindege kiko juu, kinaelekea majini.

Doria walifika kabla hakijarudi. Tulipelekwa kituoni sote. Nataka ujue hawakunitendea vibaya. Mmoja aliniletea maji, wakaniuliza, nikaeleza. Jioni tukaachiliwa, wakasema tutaitwa.

Sasa kampuni inaogopa mambo mawili, kumpoteza yule mgeni na kupoteza kibali. Trevor amekuja na karatasi, imeandikwa kwamba mimi dereva nilimruhusu kwa sababu sikujua sheria. Anataka nitie saini. Akasema, "Ukisaini, tunakupa tiketi, unaenda nyumbani, mambo khalas, yamekwisha. Usiposaini, unapigana na watu wenye mawakili. Mimi nakuambia kama ndugu."

Nikamuuliza kama yeye angemwandikia ndugu yake karatasi kama hiyo. Akaiacha mezani.

Nimekataa. Madereva wengine wananikwepa. Nassoro haniangalii usoni. Ana miaka mingi hapa na watoto wanasoma Unguja, sijamwomba kitu.

Scovia wako

Busia, 14 Januari 2025

Mwanangu Scovia,

Nimeipata barua yako, nikaisoma nikiwa nimesimama.

Tia saini.

Najua huna kosa, na Mungu anajua. Lakini mimi si wa kukudanganya kwamba kutokuwa na kosa kunatosha. Philipo hakuwa na kosa. Wewe uko nchi ya watu, karatasi zako za kukaa huko ziko mikononi mwa kampuni hiyo hiyo. Wakigeuza maneno utafungwa, na mimi na goti hili nitakufikia vipi? Rudi ukiwa mzima, hapa hakuna atakayekuuliza. Tutaanza upya. Nakuomba kama mtu anayeomba, si kama anayeamuru.

Baba yako,
Joram

Doha, 15 Januari 2025

Baba,

Nakusalimu kwa heshima yote. Nimelia kidogo, sasa nimemaliza.

Sitatia saini.

Karatasi ile inasema mimi sikujua kazi yangu. Nikiisaini, hakuna mwanamke mwingine atakayepewa gari kampuni ile, wataonyeshwa jina langu. Nami nitakaa Busia nikiwa hai, kama unavyotaka, lakini kila nikiona mtu ameshika usukani nitajua niliuza wangu kwa uongo.

Kama watanifunga, wanifunge kwa nilichosema mimi. Sitafungwa wala kusafirishwa kwa maneno ya Trevor.

Usiponijibu nitaelewa.

Scovia

Doha, 16 Februari 2025

Baba mpendwa,

Natumaini uko salama. Hukunijibu, na nilisema nitaelewa, lakini kuelewa kumekuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu tuliitwa.

Mpelelezi alikuwa mtu mzima, mpole, na alitaka kila kitu kisemwe kwa Kiarabu kwa kuwa ndivyo kinavyoandikwa. Kampuni ikamleta Trevor anitafsirie. Nassoro aliitwa pia, wakamkalisha nje kwenye korido.

Mpelelezi akauliza: ulimwona mgeni akitoa droni? Nikasema ndiyo, na nilimwambia hapana, mara mbili. Trevor akatafsiri. Baba, Kiarabu changu ni cha petroli na cha sokoni, lakini "nisiit" nalijua. Maana yake ni nilisahau. Alisema nilisahau kumkataza.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, "La. Ana ma nisiit. Ana gult la. Marratein." Sikusahau. Nilisema hapana. Mara mbili.

Trevor akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili huku anatabasamu, "Scovia, nyamaza, unajiharibia." Nikamjibu kwa Kiswahili, "Tafsiri na hilo."

Mpelelezi aliweka kalamu chini. Akamtazama Trevor, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama ninamkubali huyu mtu kuwa mkalimani wangu. Nikasema simkubali. Akauliza kuna mwingine anayejua lugha yangu. Nikasema kuna mmoja koridoni, lakini sijui kama atataka.

Nassoro aliingia akiwa amekunja kofia mkononi. Trevor akatolewa. Nassoro akanitafsiria neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza, na alipomaliza akabaki amesimama. Mpelelezi akamwambia anaweza kwenda. Akasema, "Na mimi nina langu. Huyu dada aliniambia kwa redio kwamba mgeni hamsikii. Nilimsikia. Nilipaswa kusema tangu siku ile."

Hawana kesi na mimi. Mgeni ndiye atakayejibu mwenyewe. Kampuni imenifukuza wiki hiyo hiyo, kwa sababu nyingine waliyoitafuta. Nassoro wamemwacha, nadhani kwa kuwa hawana mwingine anayeijua njia ile kama yeye.

Nilikwenda kumshukuru. Akasema, "Usinishukuru, dada. Wewe uliingia mle peke yako."

Binti yako,
Scovia

Busia, 18 Februari 2025

Scovia mwanangu,

Bwana asifiwe. Mimi si mgonjwa, usiwe na wasiwasi. Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tena amri, nikakifuta.

Barua yako nimemsomea Philipo. Nilipofika pale pa "tafsiri na hilo" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaondoka bila kuaga, akaenda kusimama barabarani kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anawaza nini, na sikumfuata.

Nilikukataza kwenda, ukaenda. Nikakuomba usaini, ukakataa. Kama ungenisikia ungekuwa hapa sasa, umekaa na mimi, na jina lako limebaki huko likiitwa la mtu asiyejua kazi. Nimeliwaza hilo usiku na mchana.

Sasa jina lako ni safi na kazi hakuna. Huna tena haja ya kumthibitishia mtu chochote. Rudi nyumbani, mama. Hilo ni ombi la baba aliyekukumbuka.

Joram, baba yako

Doha, 6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwa Stacy kwamba umeanza kutembea mpaka sokoni bila fimbo. Usijikaze sana.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa nimeshika kitu. Sheria ya hapa siku hizi inaruhusu mtu kuhama mwajiri, na nimehama. Ni kampuni ndogo, ina magari machache na ofisi yake ni chumba juu ya duka la miwani huko huko Al Sadd. Mwenye kampuni aliniuliza kisa cha droni kabla hata sijakaa. Nikamweleza. Akaniuliza kama ningefanya tofauti. Nikasema ningemnyang'anya begi. Akanipa funguo.

Juzi nilirudi Khor Al Adaid, nikiwa na familia ya watu wazima waliokuja kuona mpaka. Nilipokuwa nashuka kilima cha mwisho nikaona magari ya kampuni ya zamani yamepangwa pale pale yanapopangwa siku zote. Trevor alikuwepo, amevaa miwani ya jua, anawaonyesha wageni milima ya Saudia. Kulikuwa na nafasi nyingi upande wa mbali. Nikaegesha karibu na yeye.

Niliwashusha wageni wangu. Nikamwambia, "Habari yako, Trevor," kwa sauti ya kawaida, mbele ya wageni wake na wangu. Akasema, "Nzuri." Nikaenda kuwaeleza watu wangu habari za mpaka, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Alikuwa hana budi kunisikiliza.

Nyumbani nitakuja, Baba. Nitakuja Desemba, kwa miguu yangu, bila kusafirishwa na mtu, na utanionyesha hayo maharagwe. Likizo ikiisha utanisindikiza, kwa sababu nitarudi.

Binti yako, dereva,
Scovia